Nilisema "mwaka mmoja": tunapomfunga mtu, tunataka atoke akiwa nani?

Bandiko la 1 (mleta mada, Kigoma)

Wanajukwaa, nawasalimu. Uzi huu ni mrefu, na asiye na nafasi leo namwomba auweke mpaka atakapoipata, kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba tangu mwaka 1998 na nisingependa lisomwe kwa haraka.

Mwaka huo nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama moja ya mwanzo ya mkoa wetu wa Kigoma. Niwaeleze vijana ambao hawakuukuta utaratibu huo: hakimu wa mahakama ya mwanzo hakuwa akiamua peke yake. Alikaa na washauri wasiopungua wawili, raia wa kawaida ambao hatukusomea sheria, na mwisho wa shauri kila mmoja wetu alisema anavyoona, na pale tulipotofautiana, kauli ya walio wengi ndiyo iliyokuwa uamuzi wa mahakama. Kwa hiyo sikuwa mtazamaji. Nilikuwa mmoja wa waliohukumu.

Siku moja aliletwa kijana wa miaka kama 20, mvuvi wa dagaa, aliyeiba karabai mbili kwenye chombo cha tajiri mmoja pale mwaloni Kibirizi, vyombo vya uvuvi vinapotia nanga. Alikiri bila kuzungusha maneno. Karabai zilikuwa zimepatikana, moja ikiwa imepasuka kioo. Kwa mtu asiyeishi ziwani, karabai ni taa tu, lakini kwa mvuvi wa Tanganyika wa wakati ule, usiku wa giza bila karabai haukuwa na dagaa, na bila dagaa watu saba au wanane waliokitegemea chombo hicho walilala njaa pamoja na watoto wao. Kosa halikuwa dogo. Hakimu alitugeukia. Mwenzangu, mzee mmoja wa Ujiji, alisema miezi mitatu inamtosha. Mimi nilisema mwaka mmoja, ambao ndio uliokuwa ukomo wa uwezo wa mahakama ile, "iwe fundisho kwa wengine". Hakimu aliniunga mkono. Shauri zima lilikwisha kabla ya adhuhuri.

Alitumikia miezi minane, kwa kuwa sheria ya magereza humpunguzia theluthi ya kifungo mfungwa mwenye nidhamu na bidii ya kazi. Alipotoka alirudi mwaloni, na hakuna tajiri aliyekubali kumpakia kwenye chombo chake. Akaja nyumbani kwangu. Alinisalimia kwa heshima, akaniomba nimwandikie barua kwa mwenye chombo mmoja niliyekuwa nafahamiana naye, akisema kwamba mimi nimeijua kesi yake tangu mwanzo hadi mwisho na kwamba adhabu ameshaimaliza. Nilimjibu kwamba siwezi kumdhamini mwizi. Nililitumia neno hilohilo, mbele ya watoto wangu. Mwaka uliofuata alikamatwa tena, safari hii kwa kuvunja nyumba usiku, na shauri likaenda mahakama ya wilaya, ambako kifungo hakikuhesabiwa kwa miezi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: mimi niliposema "mwaka mmoja", nilikuwa nataka kitu gani kitokee? Ukiniuliza siku ile ningekujibu kwa neno fundisho. Lakini fundisho kwa nani? Waliokuwa wakiiba taa mwaloni walijua jambo ambalo sisi barazani hatukulitafakari, yaani kwamba kwa kila mmoja aliyekamatwa walikuwapo wengine ambao hawakukamatwa kamwe. Mwitaliano Cesare Beccaria aliliandika jambo hili tangu mwaka 1764: kinachomzuia mtu asitende kosa ni uhakika wa kukamatwa, zaidi ya ukali wa adhabu. Mvuvi anayepiga hesabu ya mwezi, ya upepo na ya mafuta ya taa hashindwi kuipiga na hesabu hiyo.

Nchi yetu nayo iliwahi kuujaribu ukali. Sheria ya mwaka 1963 iliyoweka viwango vya chini vya adhabu iliamuru kwamba kwa makosa kadhaa, rushwa ikiwa mojawapo, mtu apate kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia na kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliikumbusha sheria hiyo katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 pale Mbeya, akisema kwamba vile vya kutoka mtu akamwonyeshe mkewe. Namheshimu Mwalimu, na naelewa kwamba alikuwa anaeleza jinsi taifa changa lilivyoichukia rushwa. Hata hivyo kila nikiyakumbuka maneno hayo namfikiria mtu huyo anapofika kwake jioni ile. Amekwisha kumaliza kifungo chote, na jambo la mwisho alilofanyiwa na nchi yake kabla ya kufunguliwa lango ni kuaibishwa mbele ya mkewe. Kesho yake anatakiwa awe raia mwema.

Nadhani aibu ndiyo iliyojificha ndani ya mawazo yetu kuhusu kifungo, na nadhani ina historia. Neno gereza lenyewe wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, kwa kuwa ngome za Wareno pwani zilikuwa na makanisa ndani yake, na ngome hizo baadaye zikafanywa mahali pa kufungia watu. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela mpaka mwaka 1958. Sisi wa bara hatukuwa na ngome. Tulikuwa na mnyororo. Wazee wetu wa Ujiji waliuona mnyororo wa shingoni wa misafara ya watumwa, kisha wakauona wa Mjerumani, pamoja na kiboko chake cha hamsa ishirini. Kwa hiyo babu zetu hawakumjua mfungwa kama mtu aliyekosa na anayelipa alichokosa. Walimjua kama mtu aliyevuliwa utu, na mtu wa namna hiyo hapokewi tena mezani kirahisi. Ndugu zetu wa Zanzibar walijaribu kuivunja picha hiyo kwa kubadili maneno: kwao ni Chuo cha Mafunzo, na aliyemo huitwa mwanafunzi. Jina peke yake halipanui chumba wala halipiki chakula, lakini angalau linasema mtu amewekwa mle kwa ajili gani.

Mataifa yaliwahi kukaa na kulijibu swali hili kwa maandishi. Kanuni za chini za kuwatendea wafungwa zilipitishwa Geneva mwaka 1955, zikarekebishwa mwaka 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Zinasema kwamba kumnyang'anya mtu uhuru wake ni mateso tayari, na kwa hiyo gereza lisiyazidishe mateso hayo. Zinasema pia kwamba shabaha ya kifungo ni kuilinda jamii dhidi ya uhalifu na kupunguza kurudia makosa, na kwamba shabaha hiyo hufikiwa tu endapo muda wa kifungo umetumika kumwandaa mtu arudi katika jamii akiwa anaweza kuishi kwa kufuata sheria na kujitegemea. Alexander Paterson, kamishna wa magereza wa Uingereza ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 aliyatembelea pia magereza ya Afrika Mashariki, anakumbukwa kwa kusema kwamba mtu hupelekwa gerezani kama adhabu, hapelekwi huko ili akaadhibiwe.

Msimamo wangu ndio huo. Adhabu ni ule muda uliotamkwa mahakamani, basi. Njaa, kipigo, msongamano, magonjwa na matusi havikutamkwa na hakimu yeyote, na aliyeviongeza ameongeza hukumu bila kuwa na mamlaka ya kuhukumu. Na mlango unaofungwa usoni mwa mtu aliyekwisha kutoka ni hukumu ya pili, ambayo haina tarehe ya kuisha wala mahali pa kukata rufaa. Hiyo ya pili niliitoa mimi, nikiwa nimesimama barazani kwangu. Naomba mawazo yenu.

Bandiko la 5 (mchangiaji, Kasulu)

Mzee wangu, shikamoo. Nimeusoma uzi wako mara mbili, na naomba unisikilize kwa uvumilivu kwa sababu mimi nimekaa upande wa pili.

Mwaka 2016 watu watatu waliingia kwetu usiku wakiwa na mapanga. Mume wangu ni fundi cherehani. Walimkata mkono wa kulia, wakachukua fedha za duka na simu, wakaondoka. Walikamatwa, wakashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, wakapewa miaka 30 kama sheria inavyotaka. Watu walinipa hongera mahakamani, kana kwamba nimepewa kitu. Mzee wangu, mimi nilitoka pale na mume asiyeweza kushika mkasi. Kesi yenyewe haikuitwa kwa jina langu wala lake, iliitwa Jamhuri dhidi ya wale watu, na mimi niliitwa shahidi. Nilieleza, nikashukuriwa, nikaambiwa nikae. Hakuna aliyeniuliza watoto watasomaje.

Leo nikisoma mnavyojadili chakula cha mfungwa na utu wa mfungwa, nayaelewa kwa akili, lakini moyo unakataa. Wale wanalishwa kwa kodi yangu. Mume wangu halishwi na mtu. Nisingependa wapigwe, Mungu ni shahidi wangu, ila sitaki watoke. Kama shabaha ya kifungo ni kumrekebisha mkosaji peke yake, basi mimi sina nafasi katika shabaha hiyo, na naomba mnionyeshe nafasi yangu iko wapi.

Bandiko la 8 (mchangiaji, Tabora)

Shikamoo mzee, na dada yangu wa Kasulu, pole sana. Mimi nimestaafu uaskari wa magereza, na kwa miaka yangu yote ya kazi nimezoea kusikia askari magereza akitajwa kama mtu wa mwisho katika mlolongo na wa kwanza katika lawama. Naomba nieleze yanayoonekana ukiwa umesimama upande wa ndani wa lango.

Lango la gereza halichagui. Linapokea kila anayeletwa na karandinga akiwa na hati ya mahakama. Takwimu rasmi za miaka ya 2010 zilitaja nafasi 29,902 kwa magereza ya nchi nzima, na kwa miaka mingi waliomo walizidi idadi hiyo, karibu nusu yao wakiwa mahabusu, yaani watu ambao Katiba yetu, Ibara ya 13, inataka wasitendewe kama wakosaji mpaka ithibitike kwamba wamekosa. Tukizungumzia shabaha ya kifungo, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya wanaolala gerezani hawajahukumiwa kifungo chochote. Wanasubiri upelelezi ukamilike. Mtu aliyesubiri miaka minne kisha akaachiwa huru ametumikia nini, na nani anampunguzia theluthi?

Msongamano haupimwi kwa usingizi peke yake, ingawa kulala kwa kugeuka wote kwa pamoja si jambo la kusimulia mara moja ukaeleweka. Ubaya wake mkubwa ni kwamba unaondoa uwezo wa kutenganisha watu. Kijana wa karabai anapaswa kulala mbali na jambazi aliyebobea. Nafasi isipokuwapo, wanalala bega kwa bega, na baada ya milango kufungwa saa kumi jioni askari yuko nje, ndani anatawala nyapara, yaani mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake. Sisi Wanyamwezi neno hilo ni letu: mnyampara alikuwa kiongozi wa kundi la wapagazi katika misafara iliyotoka hapa Tabora kwenda pwani, mtu aliyejua njia na aliyesikilizwa na wenzake. Nimewaona wanyapara wa gerezani waliostahili jina hilo, waliogawa nafasi kwa haki na kuwalinda wadogo. Nimewaona pia waliokuwa wakiuza nafasi hiyohiyo. Tofauti kati ya hao wawili ni mkuu wa gereza anayewachagua na anayefuatilia.

Kuhusu kazi nina maoni yangu. Mwaka 2018 Rais Magufuli alitaka wafungwa wafanye kazi na magereza yajilishe, na wengi walishangilia. Mimi si mpinzani wa kazi. Mfungwa anayekaa bure ndiye anayeharibika haraka. Lakini kuna kazi inayomwachia mtu ujuzi na kuna kazi inayomwachia jasho tu. Pale kwenu Kigoma, gereza la Kwitanga lina mashamba ya michikichi. Mtu aliyejifunza kuandaa kitalu cha miche, kujua mbegu bora na ya kienyeji, kukamua mawese, akitoka anaingia katika uchumi uleule wa mkoa alikozaliwa. Gereza la Karanga kule Moshi linatengeneza viatu, na Ruanda ya Mbeya ina chuo cha ufundi. Huko ndiko fedha zingeelekezwa. Kumpanga mtu kuvunja mawe miaka mitano kisha kumwambia "nenda ukajitegemee" ni kumdanganya.

Mwisho, kuhusu kipigo. Mwaka 1976 watuhumiwa walikufa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, jirani zetu hapa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka uliofuata ingawa hakuwa amemgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Nilipoingia jeshini wakubwa zetu walitusimulia habari hiyo, na sikuisahau. Nilijua kwamba mtu akifa mikononi mwangu, aibu yake inaweza kupanda mpaka juu kabisa.

Bandiko la 9 (mleta mada)

Marahaba wanangu.

Nianze na mama wa Kasulu, kwa kuwa maneno yake yamenikalisha kimya siku mbili. Mama, hukukosea. Katika bandiko langu la kwanza sikumtaja yule tajiri wa karabai isipokuwa kwa hasara yake, na hata siku ile mahakamani tulimrudishia taa moja nzima na moja iliyopasuka, tukamwambia aende. Gharama ya kioo hatukuamuru. Sheria inairuhusu mahakama kuamuru fidia, lakini sisi tulikuwa tumeshashikwa na hamu ya kutoa kifungo, na tukiisha kutoa kifungo tulijiona tumemaliza. Yule tajiri alipoteza usiku kadhaa wa kuvua, kijana akapoteza miezi minane, Serikali ikamlisha, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyetoka na faida. Nakubali kwamba kifungo kisichomwona aliyeumizwa kimekosa nusu ya haki. Ningependa kazi za magerezani zilipwe, hata kama ni kidogo, na sehemu ya malipo hayo iende kwa mtu kama mume wako kwa jina lake, kila mwezi, mpaka kifungo kiishe. Hapo mfungwa angemjua aliyemkata, na asingeweza kujiambia kwamba deni lake ni kwa Jamhuri peke yake.

Kuhusu kutotaka watoke, sitakubishia. Wapo watu ambao jamii ina haki ya kukaa mbali nao kwa muda mrefu, na kuilinda jamii ni sehemu ya shabaha ileile niliyoitaja. Ninachokushikia ni kimoja: hata kifungo kirefu kina mwisho, na watakapotoka watarudi katika wilaya hizihizi, wakapite njia hizihizi wanazopita watoto wako. Ninapotaka watendewe kama watu, siwatetei dhidi yako. Nawafikiria watoto wako.

Afande, nakushukuru kwa kutuonyesha upande wa ndani. Swali lako kuhusu mahabusu limenikumbusha Mwingereza John Howard, aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa eneo la Bedfordshire mwaka 1773. Alipokagua jela alikuta watu ambao mahakama ilikwisha kuwaachia huru wakiendelea kushikiliwa kwa sababu hawakuweza kumlipa mlinzi wa jela ada zake, kwa kuwa mlinzi hakuwa na mshahara. Sisi hatuna hilo, lakini tunalo letu: "faini au kwenda jela". Watu wawili wanatenda kosa moja, mwenye ndugu wa kuuza mbuzi analala kwake, asiye naye analala gerezani miezi sita. Huyo wa pili amefungwa kwa kosa au kwa umaskini? Humu mkoani nimewaona pia ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka, waliovuka kuja kulima vibarua bila kibali, wakihukumiwa kwa namna hiyohiyo, na faini hawana hata thumuni lake. Kuwatia gerezani walime, kisha kuwarudisha kwao, sioni kinamrekebisha nani.

Bandiko la 12 (mchangiaji, Nzega)

Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima, na nimezaliwa katika eneo ambalo Sungusungu, yaani ulinzi wa wanakijiji wenyewe, walianzia, mpakani mwa Nzega na Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Nataka kueleza kwamba huku kwetu watu walishawahi kuamua kwamba polisi na jela haviwatoshi, wakatengeneza njia yao, na njia hiyo ina la kutufundisha kwa uzuri na kwa ubaya.

Aliyethibitika kuiba alitozwa faini, mara nyingi kwa mifugo, na akikaidi alitengwa. Kutengwa si neno jepesi. Hakuna aliyekuja kwako kwenye msiba, hakuna aliyekuuzia chumvi, hakuna aliyechota moto kwako wala wewe kwake. Wengi walivunjika ndani ya majuma machache, wakaja kuomba radhi. Na hapa ndipo ninapotaka msome vizuri: walipolipa na kuomba radhi, waliitwa, wakala pamoja na wenzao, na mambo yakaisha. Baba alikuwa mkali sana kwa mtu aliyemkumbusha mwenzake kosa alilokwisha kulilipia.

Sitaficha upande mwingine. Kuna watu walipigwa, wengine wakauawa, wakiwamo akina mama wazee waliosingiziwa uchawi, na hakukuwa na wakili wala rufaa. Kwa hiyo siombi turudi huko. Ninachosema ni kwamba mahakama ina mlango wa kumwingiza mtu katika adhabu, lakini haina mlango wa kumtoa. Mtu anamaliza kifungo, anakabidhiwa nguo zake, anaondoka. Hakuna siku ambayo kijiji kinaitwa na kuambiwa kwamba huyu amemaliza.

Bandiko la 13 (mchangiaji, Kigoma)

Naomba kuuliza kwa heshima, mzee: sheria ingekuwa ya leo, kijana yule angepelekwa wapi? Na yuko wapi sasa?

Bandiko la 16 (mleta mada)

Ndugu wa Nzega, umesema jambo ambalo nimelitafuta kwa miaka mingi bila kulipata maneno yake: hakuna mlango wa kutokea. Msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba 2019 uliwafungulia wafungwa 5,533 kwa mara moja, na nilifurahi kama wengine. Lakini nilijiuliza wangapi kati yao walifika vijijini kwao wakamkuta mwenyekiti wa kijiji au sheikh au padri aliyeandaliwa kuwapokea. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 iliweka utaratibu wa mtu kumalizia sehemu ya kifungo akiwa nje chini ya uangalizi, na kwa maoni yangu huo ungekuwa mlango mzuri, kwa kuwa mtu hatoki ghafla na bodi hutazama kama huko aendako atapokewa. Wanaonufaika nao ni wachache mno ukilinganisha na wanaotoka siku ya mwisho ya kifungo wakiwa peke yao.

Mwenye bandiko la 13, kuhusu sheria ya leo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Yule kijana angefagia zahanati au kuchimba mitaro ya barabara asubuhi, na usiku angeingia ziwani kutafuta fedha ya kioo cha karabai. Tajiri angelipwa. Afande wa Tabora angepungukiwa na mtu mmoja wa kumlaza. Angekuwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ingezuia kabisa asihukumiwe kifungo. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia ripoti yake Julai 2023, na mimi ni miongoni mwa wanaotazama kwa makini nini kitafuata. Lakini niwe mkweli: sheria ya 2002 ipo, na bado kuna waketio mahakamani ambao neno la kwanza linalowajia ni lile lililonijia mimi. Sheria haiwezi kumlazimisha mtu kuwaza.

Yuko wapi sasa? Sijui. Alipomaliza kifungo cha pili hakurudi Kibirizi. Nilisikia kwamba yuko Uvinza, baadaye nikasikia kwamba amevuka ziwa kwenda Kongo, na baada ya hapo sikusikia tena.

Mama yake yupo. Anauza dagaa palepale mwaloni, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikinunua kwake na kumsalimia, naye akinijibu kwa adabu na kunijazia kopo mpaka linafurika. Sikuwahi kumweleza mimi ni nani katika habari ya mwanawe, nikiamini kwamba hanijui. Jumamosi iliyopita, baada ya kuyasoma mabandiko yenu, nilikwenda nikakaa kwenye kiroba karibu yake, wateja walipopungua nikamwambia. Nilimwambia kuhusu baraza, kuhusu mwaka mmoja, na kuhusu barua ambayo sikuiandika.

Hakuacha kuchambua dagaa zake. Alisema, "Najua. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Yule mwenzako wa Ujiji alisema miezi mitatu." Kisha akaniuliza kama nachukua kopo mbili au tatu.